Uhandisi wa kemikali na deni la Bodi ya Mikopo ya Wanafunzi wa Elimu ya Juu: piga hesabu hivi kabla hujasaini mkopo (mwongozo kamili kwa watoto wa Kanda ya Ziwa)

Wiki mbili zilizopita mama mmoja jirani yetu hapa Igoma, anauza dagaa pale Mwaloni Kirumba, alikuja home jioni na bahasha ya kaki, ndani ana karatasi ya kijana wake ya kuchaguliwa chuo kusoma uhandisi wa kemikali. Nikamwamkia, akakaa, hata chai hakutaka, akaniuliza moja kwa moja, "Mwanangu, wewe ndo ulisoma hii hii, inarudisha hela yake au namtwisha mtoto deni la bure?" Tulikaa mpaka saa nne usiku na kalamu na daftari. Haya niliyoandika hapa ni yale tuliyopiga usiku ule, nimeyapanga vizuri ili mzazi mwingine au mdogo wangu mwingine ayafanye mwenyewe, maana hakuna mtu wa kukufanyia hii hesabu, chuo hawakufanyii, Bodi hawakufanyii, na marafiki watakuonyesha yule mmoja aliyepata mgodini basi.

Nitataja namba za mfano sehemu nyingi. Zile za makato ya kisheria ni za kweli, ila ada na mishahara nimeweka ya kukadiria, wewe weka za kwako.

HATUA YA 1: Jua unasomea nini na nani wa kukuajiri huku kwetu

Watu wengi wanadhani injinia wa kemikali ni mtu wa maabara. Hapana, wa maabara ni mkemia. Injinia wa kemikali kazi yake ni mtambo: malighafi inaingia huku, inachemshwa, inachanganywa, inachujwa, inakaushwa, inatoka bidhaa kule, na ahakikishe inatoka ile ile kila siku kwa gharama ndogo bila mtu kuumia. Kwahiyo bia, soda, sukari, sabuni, mafuta ya pamba, maji ya bomba, dawa, saruji, dhahabu, zote hizo ni kazi zake.

Sasa chukua daftari uandike walioko karibu. Mwanza kuna viwanda vya bia na soda, kuna viwanda vya minofu ya sangara, kuna mamlaka ya maji ambayo chanzo chake ni ziwa lenyewe, kuna kiwanda cha kusafisha dhahabu kilichozinduliwa 2021, kuna watu wa pamba na mafuta. Ukivuka daraja la Kigongo–Busisi, ambalo toka Juni 2025 limetuondolea habari ya kusubiri kivuko, uko njia ya Geita kwenye mgodi mkubwa, upande wa Kahama kuna Bulyanhulu, Tarime kuna North Mara, na Kagera kuna sukari. Afu kuna hawa ambao watu hawawahesabu kabisa, wale wa plant ndogo za kuchenjua marudio (mabaki ya mchanga wa dhahabu) kwa sainaidi na kaboni, na zile ilusheni za watu binafsi, mitambo ya kutoa dhahabu iliyoshikwa na kaboni. Pale kuna hela na kuna uhitaji mkubwa wa mtu anayeelewa kemia ya kile anachomwaga kwenye tenki, maana wengi wanakwenda kwa uzoefu tu, na sainaidi haina msamaha kama pH imeshuka na gesi imetoka.

Ila kuwa mkweli na nafsi yako hapa. Ukiomba kazi ya uchenjuaji mgodini unashindana na waliosoma uchenjuaji wa madini wenyewe, na wao wanaanza na faida. Ukiomba kiwanda cha vyakula unashindana na watu wa sayansi ya chakula. Ukiomba maji kuna wahandisi wa maji na mazingira. Kozi yetu ni pana, na upana una pande mbili, milango ni mingi ila kila mlango kuna mtu mwingine ameshasimama.

Kwa hapa nchini kozi hii inajulikana sana Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, inaitwa uhandisi wa kemikali na michakato, miaka 4. Kwahiyo kwa mtoto wa Mwanza maana yake ni kuhama, zaidi ya kilomita 1,100 kwa basi, na hiyo nauli ya kwenda na kurudi mara kadhaa kwa mwaka nayo ni sehemu ya gharama, iandike.

HATUA YA 2: Kwanza tafuta hela isiyorudishwa

Kama matokeo ya kidato cha sita ni mazuri sana kwenye tahasusi za sayansi, angalia Samia Skolashipu. Ilianza mwaka wa masomo 2022/23, ni ufadhili kamili kwa waliofaulu juu kabisa wanaokwenda kusoma sayansi, uhandisi, tiba na mambo hayo, na hairudishwi. Inasimamiwa na Bodi hiyo hiyo ya Mikopo. Wapo watoto wana sifa ila hawakuomba kwa wakati kwa sababu walidhani ni ya wenye konekshen. Fuatilia tangazo mwenyewe, usingoje kuambiwa.

Ukikosa hiyo ndo unakuja kwenye mkopo.

HATUA YA 3: Andika deni lote, siyo la Bodi peke yake

Hapa ndo tulikaa muda mrefu zaidi na yule mama. Mwanafunzi akipata mkopo anaona bumu tu, ile hela ya kujikimu, imeingia, chakula kipo. Haioni ile namba kubwa inajijenga nyuma. Tuijenge sasa hivi. Tuseme Bodi imekupa kila kitu (mara nyingi hawatoi asilimia 100, inategemea wamekupima vipi hali ya nyumbani, lakini tuchukue ile mbaya zaidi):

Ada, tuseme 1,500,000 kwa mwaka, mara 4 ni 6,000,000.
Chakula na malazi, 10,000 kwa siku, tuseme siku 240 kwa mwaka, ni 2,400,000, mara 4 ni 9,600,000.
Vitabu na viandikio, 200,000 kwa mwaka, ni 800,000.
Fildi (mafunzo kwa vitendo kazini), wiki 8 kila mwaka kwa miaka 3 ya mwanzo, siku 56 mara 10,000 ni 560,000, mara 3 ni 1,680,000.

Jumla 18,080,000. Juu yake kuna asilimia 1 ya uendeshaji, mara moja tu, 180,800. Unatoka chuo unadaiwa 18,260,800.

Ona kwamba zaidi ya nusu ya deni ni chakula na malazi, siyo ada. Watu wanalalamikia ada kumbe wanachodaiwa ni ule ugali na wali wa miaka minne. Siyo kwamba usile, ila ujue kila elfu kumi ya bumu utakayonunulia kiatu utaikuta kwenye salari slipu yako ukiwa na watoto wawili.

Habari njema ni kwamba hilo deni siku hizi halikui. Zamani kulikuwa na tozo ya kulinda thamani, asilimia 6 kila mwaka, na Mei Mosi 2021, hapa hapa Mwanza uwanja wa Kirumba, Rais Samia akatangaza inafutwa. Wengi hawaelewi uzito wake kwahiyo ngoja niuonyeshe. Asilimia 6 ya milioni 18 na themanini elfu ni 1,084,800 kwa mwaka, yani 90,400 kwa mwezi. Mtu aliyekuwa anakatwa 105,000 kwa mwezi, 90,400 ilikuwa inaliwa na tozo na 14,600 tu ndo inapunguza deni. Ulikuwa unalipa na deni limekaa pale pale. Sasa hivi kila shilingi unayokatwa inapunguza.

Afu kuna deni la pili, ambalo halina karatasi. Mama aliuza ng'ombe wawili ili ununue laptop na ulipe hela ya kuanzia. Baba mdogo alichukua kwenye kikoba. Dada yako aliyeishia form four akafanya kazi ili wewe usome. Hilo deni halikatwi asilimia 15 ya mshahara kama la Bodi, linakuja mwezi wa kwanza tu wa mshahara na linakuja lote kwa pamoja, "sasa wewe ni injinia, mdogo wako anaanza form one." Mimi sisemi msisaidie nyumbani, nimesaidia na nitaendelea. Nasema liandikwe. Tuliandika na yule mama: pengo la ada, nauli, kompyuta, simu, godoro, hela ya dharura, tukapata kama 4,000,000 za familia kwa miaka minne. Alinyamaza kidogo akasema hakuwahi kuiona hiyo hela ikiwa imekaa sehemu moja.

Na kama kuna mtu anafikiria kujazia pengo kwa kausha damu, ile mikopo ya mtaani ya riba kubwa, tafadhali sana, acha. Bora uahirishe mwaka.

HATUA YA 4: Mshahara unaoingia mkononi ndo mshahara

Mtu akikwambia "injinia analipwa milioni moja na laki mbili" usiandike hiyo. Fanya hivi. Sekta binafsi unakatwa NSSF, mfuko wa pensheni, asilimia 10. Kinachobaki ndo kinakatwa kodi ya PAYE, kodi ya mshahara: laki 2 na elfu 70 za kwanza hazikatwi kitu, kutoka hapo mpaka 520,000 ni asilimia 8, mpaka 760,000 ni asilimia 20, mpaka milioni 1 ni asilimia 25, juu ya hapo asilimia 30. Afu Bodi wanachukua asilimia 15 ya mshahara wa msingi, ule wa juu kabla ya makato mengine, hapa ndo wengi wanakosea, wanadhani ni asilimia 15 ya kilichobaki.

Tupige mishahara mitatu, yote ya msingi bila posho.

700,000. NSSF 70,000. Kodi 42,000. Bodi 105,000. Mkononi 483,000. Deni lako la 18,260,800 linaisha baada ya miezi 174, yani miaka 14 na nusu.

1,200,000. NSSF 120,000. Kodi 152,000. Bodi 180,000. Mkononi 748,000. Deni linaisha kwa miezi 102, miaka 8 na nusu.

2,500,000. NSSF 250,000. Kodi 503,000. Bodi 375,000. Mkononi 1,372,000. Deni linaisha kwa miezi 49, miaka 4 na mwezi.

Hapo mshahara haujapanda hata mara moja, ukipanda miaka inapungua, ila ukiajiriwa serikalini mfuko wa pensheni na bima ni tofauti kidogo kwahiyo piga upya kwa makato yao.

Yule mama aliona ile laki 7 inabaki 483,000 akauliza, "Na chumba?" Ndo swali lenyewe. Toa chumba, toa daladala kutoka Buhongwa mpaka Ilemela kila siku, toa chakula, toa ya nyumbani, uone kama inabaki ya kuishi kama mtu mzima.

Kingine, ukipewa barua ya kazi uliza wazi: mshahara wa msingi ni ngapi na posho ni ngapi, mkataba ni wa kampuni yenyewe au wa wakala. Huku viwandani vijana wengi wenye digrii wanaingia kupitia wakala, kazi ni ile ile, shifti ni zile zile za usiku, lakini malipo ni mengine kabisa na mkataba ni wa miezi michache michache. Siyo kosa kuanzia hapo, mimi nilianzia chini ya hapo, ila usiweke mshahara wa aliyeajiriwa moja kwa moja kwenye hesabu wakati unajua mlango wako ni wa wakala.

HATUA YA 5: Hesabu miezi ya mtaani

Hii hatua ndo naiona kubwa kuliko zote na hakuna anayeipiga. Mimi nilikaa mtaani bila ajira miezi 19. Nilimaliza nikarudi Mwanza, nikawa deiwaka kwenye kiwanda cha samaki, napima klorini kwenye maji ya kuoshea minofu, nalipwa kwa siku, siku hakuna samaki hakuna hela. Nilikuwa nafikiria deni la Bodi usiku kucha, kumbe nilikuwa naogopa kitu kisicho sahihi.

Angalia. Kazi ya milioni 1 na laki 2, ukitoa kodi na NSSF peke yake, inakuachia 928,000. Kila mwaka unaokaa bila hiyo kazi umepoteza 11,136,000. Miaka 2 ni 22,272,000. Deni zima la Bodi ni 18,260,800. Yani miaka miwili ya mtaani ni ghali kuliko mkopo wote wa miaka minne. Kwahiyo kama una nguvu ya kupambana na kitu kimoja, pambana kupunguza hiyo miezi, usiitumie kuogopa mkopo.

Kwa upande wa Bodi wenyewe, ukimaliza chuo una miezi 24 kabla hujatakiwa kuanza kurejesha. Ukiajiriwa kabla ya hapo makato yanaanza na ajira, mwajiri anatakiwa kuwajulisha Bodi ndani ya siku 28. Ukijiajiri unatakiwa kulipa mwenyewe, kiwango cha chini ni laki moja kwa mwezi. Kwahiyo yule aliyefungua kiwanda kidogo cha sabuni Nyakato naye yumo, asidhani kwa sababu hana bosi basi hadaiwi. Ukikaa kimya unaingia kwenye wadaiwa sugu na kumbukumbu zako zinakwenda kwenye taasisi za taarifa za mikopo, siku unataka mkopo wa biashara benki wanakuona, na yule mdhamini uliyemwandika kwenye fomu, mjomba wako huyo, naye anatafutwa. Kama huna kitu kabisa, waandikie au nenda ofisini kwao uwaeleze hali yako, kuliko kupotea.

HATUA YA 6: Linganisha na kile ambacho ungefanya kama usingeenda

Digrii haijilipi kwa mshahara wake wote, inajilipa kwa ile tofauti. Kijana wa yule mama alikuwa tayari anamsaidia mama yake mzigo wa dagaa, anaingiza kama 350,000 kwa mwezi. Hiyo ndo njia yake nyingine. Akienda chuo miaka 4 afu akakaa mtaani mwaka na nusu, ni miezi 66 bila hiyo hela, 23,100,000. Ongeza ile 4,000,000 ya familia, unapata 27,100,000. Hiyo ndo bei halisi ya digrii kwake, na Bodi haimo humo maana Bodi tumeshaitoa kwenye mshahara wa mkononi.

Akipata ile ya mkononi 748,000, tofauti na dagaa ni 398,000 kwa mwezi. 27,100,000 gawanya kwa hiyo ni miezi 68 au 69, kama miaka 5 na miezi 8 tangu aanze kazi. Kwa kijana wa miaka 26 hiyo inaeleweka kabisa, na deni la Bodi likiisha ile 180,000 inarudi kwake.

Akipata ile ya mkononi 483,000, tofauti ni 133,000. Sasa ni miezi 191, hata ukihesabu kwamba baada ya mwezi wa 174 deni la Bodi limeisha na ile 105,000 imerudi kwake. Karibu miaka 16.

Kozi ile ile, chuo kile kile, deni lile lile. Hatukumficha mama yoyote kati ya hizo mbili. Ndo maana mtu akiniuliza kama kozi inalipa namjibu kwamba inalipa kuanzia mshahara fulani kwenda juu, na kazi yako kabla hujaenda ni kuutafuta huo mshahara wako wa mstari na kujiuliza utaufikiaje. Kwa huyu kijana mstari ulikuwa karibu na milioni. Kwa mtoto ambaye nyumbani hana biashara yoyote ya kuachia mstari uko chini zaidi, maana hapotezi kitu kikubwa kwa kwenda.

Usisahau njia ya katikati, diploma. Toka 2023/24 Bodi wanakopesha pia baadhi ya kozi za diploma, na hapa Mwanza kuna kampasi ya DIT (Taasisi ya Teknolojia Dar es Salaam) inayofundisha mambo ya teknolojia ya ngozi. Fundi sanifu wa maabara au opereta mzuri wa plant anaweza kuingia kazini mapema, deni dogo, na akasoma digrii baadaye akiwa na mshahara. Nimefanya kazi na opereta ambaye hakuwa na digrii na alikuwa anausoma mtambo kwa sauti tu, pampu ikibadilika mlio anainuka. Alikuwa analipwa kuliko mimi na ilikuwa haki yake.

HATUA YA 7: Ukishaamua kwenda, punguza hatari ukiwa bado chuoni

Usidisko, yani usifukuzwe chuo kwa kufeli. Nalisema kwanza kwa sababu hesabu zote za juu zinakufa hapo. Ukidisko mwaka wa pili deni linabaki na digrii hakuna. Sapu moja (mtihani wa kurudia) siyo mwisho wa dunia lakini sapu tatu za hisabati mwaka wa kwanza ni dalili, tafuta msaada mapema, jiunge na kundi la kusoma, nenda kwa mwalimu.

Fildi tatu ni kazi tatu za majaribio, usiende kupigiwa muhuri tu. Panga hivi: moja ifanye kwenye maji, moja kiwanda cha vinywaji au chakula, moja kwenye uchenjuaji wa dhahabu. Rudi fanyia kanda ya ziwa, unalala nyumbani ile 10,000 ya siku unaitunza, na wanakujua sura. Kazi nyingi huku zinatoka kwa msimamizi anayekumbuka "yule kijana aliyetutengenezea chati ya matumizi ya klorini." Omba mapema, andika barua mwezi wa pili au wa tatu siyo wiki ya mwisho, fika mwenyewe getini, na ukifika usidharau walinzi wala vibarua, wao ndo watakwambia bosi anaingia saa ngapi.

Jifunze kitu kimoja cha mkono zaidi ya darasa. Ekseli vizuri kabisa, kuchora mtiririko wa mtambo, usalama wa kemikali, kusoma ripoti ya maabara. Mtu mwenye plant ya marudio kule Geita hana muda na nadharia, anataka umwambie kwanini kaboni yake haijashika dhahabu na kwanini anatumia sainaidi nyingi. Ukiweza kumjibu hilo hakuulizi GPA.

Ukimaliza tu jisajili Bodi ya Usajili wa Wahandisi kama mhandisi mhitimu, na uulize mpango wao wa mafunzo kwa vitendo wa miaka 3, ndo njia ya kuelekea kusajiliwa kuwa mhandisi mtaalamu. Wengi wanaacha wanasema ni gharama, afu miaka mitano baadaye nafasi inatoka inataka namba ya usajili na hawana.

HATUA YA 8: Ukipata kazi, panga madeni kwa ukali wake

Deni la Bodi halina riba sasa, kwahiyo ndo deni pole kuliko yote uliyonayo. Ukipata bonasi usikimbilie kulimaliza huku una mkopo wa benki unaokukata riba kila mwezi, au mbaya zaidi wa mtaani. Lipa ya mtaani kwanza, afu ya benki, afu weka akiba ya miezi mitatu maana mikataba ya viwandani inakatika bila taarifa, Bodi waache wakate asilimia yao taratibu. Na usichukue mkopo wa gari mwaka wa kwanza kazini, hata kama kila mtu pale kazini anaendesha.

Hili linalofuata limenitokea mwenyewe. Kiwanda kimoja nilichofanyia kazi walinikata hela ya Bodi miezi 7 na hawakuipeleka. Salari slipu inaonyesha imekatwa, kule kwenye deni haijafika. Niligundua kwa bahati nilipoenda kuulizia kitu kingine. Ilinichukua karibu mwaka kufuatilia, na kilichoniokoa ni zile salari slipu nilizotunza kwenye faili. Kwahiyo kila baada ya miezi mitatu ingia kwenye mfumo wa Bodi au nenda ofisini kwao uombe taarifa ya deni, uiweke pembeni ya salari slipu zako, mwezi kwa mwezi. Ukiona pengo, andika barua kwa mwajiri na nakala kwa Bodi, kwa maandishi, usimalize kwa mdomo. Ukihama kazi mpe mwajiri mpya taarifa zako mwenyewe, ile namba ya kidato cha nne ndo inayokutambulisha, ikikosewa tarakimu moja hela yako inampunguzia mtu mwingine.

Na deni likikaribia kuisha, miezi kama mitatu kabla, wajulishe Bodi na watu wa mishahara kazini kwako, kwa sababu mfumo wa mishahara hauna habari na salio lako, utaendelea kukata tu, na hela iliyozidi kuirudisha ni safari nyingine. Omba cheti cha kumaliza deni, kitoe kopi mbili, moja ikae kwa mama.